Bolti za gari la zamani msizikate, kutu yatoka

Bwana Mhariri,

Asalaam aleikum na pole na kazi. Naomba unipe nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua, najua barua nyingi ni za siasa na bei ya unga lakini hili nalo lina watu wake hapa Mombasa, wenye Land Rover, wenye Peugeot 504 za wazee wao, wenye Datsun zilolala uani zimefunikwa turubai, na vijana ambao siku hizi wameanza kuzifufua, na mie nasema nao wote na mafundi wao pia.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alituachia Land Rover Series III. Alikuwa akienda nayo Garsen na Hola, akirudi imejaa matope mpaka juu ya dirisha, kisha akaumwa na gari ikalala chini ya mwarobaini hapa Likoni miaka saba, si mbali na bahari, yaani kusi ikivuma asubuhi unapitisha kidole kwenye kioo waonja chumvi. Mwaka jana nikasema hii gari haiozi na mie nipo.

Nikaipeleka gereji moja. Asubuhi nimeiacha na kila bolti yake, nikavuka kwenda kazini, jioni narudi na feri nafika nakuta fundi ashafungua fenda zote mbili na bampa ya mbele. Nikafurahi sana maana nilidhani ni kazi ya wiki. Alafu nikaangalia chini. Vichwa vya bolti vimetapakaa mchangani, vimekatwa vyote na grainda, na palipokuwa pagumu grainda kufika pamechomwa na gesi mpaka aluminiamu ya fenda imeyeyuka kidogo pembeni. Nikamuuliza kaka mbona hivi, akanambia "hizo zimeliwa na kutu, twaweka mpya, mpya ni bei rahisi". Akaweka mpya kweli. Wiki tatu baadae fenda ya kushoto ikaanza kupiga kelele, nikashika bolti kwa vidole ikatoka yenyewe imebeba vipande vya thredi, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, ya nati ya zamani.

Sasa hapa ndo nataka watu wanielewe. Zile bolti za Series nyingi ni za inchi, bolti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 ukiiweka kando yake huoni tofauti kwa macho. Lakini thredi hazifanani, ya inchi ile ya fain ina thredi 24 kwa kila inchi, ya milimita 8 ya kawaida ina kama 20. Ukiisukuma kwa nguvu yaingia zamu mbili tatu, unahisi imekaza, kumbe yajikata na kukata nati, na nati zenyewe kwa gari hizi nyingine zimeshikishwa kwenye bodi huwezi kuzitoa ukaweka nyingine hivihivi. Kwa hivyo kukata bolti ya kutu ya shilingi chache kunakuletea kazi ya kutoboa na kupiga tapu, yaani kuchonga thredi, upya.

Na ni hivyo hivyo kwa spana. Kichwa cha bolti hiyo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, fundi anachukua spana ya 13 kwa sababu ndo aliyo nayo, yacheza kidogo, akitia nguvu kichwa chaviringika kinakuwa duara, basi hapo ndo anasema imeliwa na kutu. Haikuliwa na kutu, imeliwa na spana. Kile cha 9/16 ni milimita 14.29, spana ya 14 haiingii na ya 15 inapwaya. Inayoafikiana ni kama 3/4 inch na 19, hio unaweza kutumia bila wasiwasi. Kwa hivyo kabla ya mafuta, kabla ya moto, kabla ya kitu chochote mwenye gari ya Muingereza ya zamani anunue seti ya spana za inchi, ringi sio zile za mdomo wazi, na soketi za pembe 6 sio za pembe 12, maana ya pembe 6 inashika kichwa kwenye ubavu na ile nyingine inashika ncha tu. Ukienda kwa wauza vyuma vya mitumba unazipata, za zamani ni nzuri kuliko mpya.

Zile bolti zilobaki nikazileta nyumbani pamoja na gari. Mtaani kwetu kuna mzee alofanya kazi karakana za bandari miaka mingi, amestaafu, nikamwendea nikamkuta barazani. Akaja akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza "Mwanangu, wewe bolti waivuta ama waingojea?" Kuanzia siku hio nimejifunza kwake mambo ambayo nataka yafike mbali kuliko baraza lile.

Kwanza alinifahamisha kutu ni nini. Chuma kikipata hewa na maji kinageuka, na chumvi ya bahari yafanya yale maji yapitishe umeme vizuri zaidi kwa hivyo kazi yaenda haraka, ndo maana gari ya Nairobi na gari ya Likoni za mwaka mmoja hazifanani chini. Alafu kutu hufura, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa pale, ndo maana nati inakwama hata kama haikukazwa sana. Ukijua hivyo unafahamu kwa nini kutia nguvu peke yake hakusaidii, lazima ile kutu iloweshwe na ivunjwe kidogo kidogo.

Kwa Land Rover kuna la zaidi. Bodi yake ni aluminiamu, tangu zianze kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 maana baada ya vita chuma kilikuwa adimu kule na aluminiamu ilikuwepo, na bolti na chesisi ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kuna maji ya chumvi zinakuwa kama betri, na anayeliwa hapo ni aluminiamu. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka bolti za fenda ndo huo. Watu wa hapa wakiona hivyo wanakimbilia bolti za stenlesi za mashua, wanadhani wamemaliza, na stenlesi inaila aluminiamu zaidi kuliko bolti ya chuma ilopakwa zinki. Tena stenlesi ya kawaida haina nguvu ya bolti nzuri ya chuma, ile iloandikwa A2-70 inakatika ikivutwa kwa megapaskali 700 na bolti ya chuma ya daraja la 8.8 ni 800. Kwa kioo cha pembeni weka stenlesi ukipenda, kwa springi na stiaringi hapana.

Haya, kufungua. Unapiga brashi ya waya thredi ilotokeza nje, maana huwezi kuirudisha nati juu ya kutu. Kisha mafuta. Watu wengi hapa wanapuliza WD-40 wanangoja dakika tano wanaanza kuvuta, na WD-40 ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kazi yake kufukuza maji, ni nzuri kwa hilo lakini kupenya kutu ya miaka saba inakuwa shida. Mzee anachanganya ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni, nusu kwa nusu, asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha ila iwe asetoni tupu sio zile zimetiwa manukato na maji. Mchanganyiko unajitenga kwa hivyo tikisa kila ukitumia, na usivute sigara karibu kwa sababu asetoni yashika moto haraka mno. Unatia matone asubuhi, unatia jioni, unagonga kichwa cha bolti na nyundo ndogo sio kwa hasira, mtikisiko ule ndo unaoteremsha mafuta. Siku mbili. Siku tatu. Mie kuna bolti za springi nilizitilia mafuta wiki nzima kila nikirudi kutoka kazini, nikishuka tu feri najua nina miadi na zile bolti.

Ukianza kuzungusha anza kwa kukaza, kidogo tu, mpaka usikie imelia, kisha ndo ufungue robo zamu, rudisha, tia mafuta, fungua tena. Ukivuta moja kwa moja ule unga wa kutu unajikusanya ndani ya thredi na bolti inakatikia shingoni.

Ikikataa kabisa kuna moto, lakini moto wa kuchemsha nati sio wa kukata. Unaipasha nati ipanuke, ikianza kupoa unaigusa na mshumaa, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya thredi, nimeona kwa macho yangu bolti ya shako, kile kiungo kinachoshika springi, ambayo bomba la mita moja halikuitingisha ikafunguka baada ya hapo. Usifanye hivyo karibu na tangi la petroli wala paipu za breki wala mpira wa bushi, na ile asetoni ikae mbali na iwe imekauka kwanza.

Sasa bolti imetoka, nyekundu, mbaya kuitazama, na hapa ndo watu wanazitupa kwa yule anayepita na mkokoteni akinunua chuma kwa kilo. Nawaomba msitupe. Zioshe kwanza na sabuni ya unga mpaka grisi yote itoke maana asidi haipiti kwenye grisi, kisha zilaze ndani ya siki nyeupe ya dukani kwenye mkebe wa plastiki, usiku na mchana mmoja. Bibi zetu walikuwa wanajua, sinia za shaba na sufuria walisugua kwa ukwaju na ndimu zikang'ara, ni asidi ile ile kazi yake, hawakuhitaji mtu kuwaambia. Siki usiichanganye na jiki hata siku moja, inatoa gesi ya sumu. Na usizisahau humo wiki nzima, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, nilipoteza bolti kadhaa hivyo wakati wa Idd nilipoenda Malindi.

Zikitoka zinakuwa na weusi wa kijivu, unazipiga brashi, unazitumbukiza kwenye maji yenye soda ya mandazi kuua asidi, unazisuuza na unazikausha hapo hapo. Hapo hapo nasisitiza, kwa unyevu wa huku kwetu chuma kitupu kinaanza kuwa rangi ya chungwa kabla hujamaliza kikombe cha chai, kwa hivyo mie huziweka juu ya bati kwenye jiko lenye makaa yanayofifia, zikipata moto nazitia kwenye mafuta.

Njia ya pili ni ya umeme na kwa kweli ndo ninayoipenda, kwa sababu haili chuma kizuri. Unachukua maji kwenye ndoo ya plastiki, unatia magadi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4, magadi haya haya ambayo watu hulainishia maharage, kwetu Kenya yanatoka Ziwa Magadi na mengi ndani yake ni sodiamu kaboneti. Unafunga bolti na waya unaitia kwenye upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, upande wa chanya unafunga kipande cha chuma kisicho na kazi, visigusane. Vipovu vinaanza. Baada ya masaa kadhaa kutu imegeuka nyeusi laini yatoka kwa brashi ya mswaki. Ukigeuza waya, bolti yako ndo inayoliwa, angalia mara mbili. Usitumie stenlesi kwa upande wa chanya, ina kromiamu na maji yale yanakuwa sumu mbaya. Na fanya nje kwenye upepo sio ndani ya stoo, vile vipovu vina haidrojeni na haidrojeni ni ya kulipuka, zima chaja kabla ya kugusa waya.

Lakini kuna bolti sizitii kwenye siki wala umeme. Angalia kichwani. Bolti za milimita zina nambari, 8.8, 10.9, 12.9, na za inchi zina mistari, mitatu ni kama 8.8 na sita ni kama 10.9. Zile ngumu, 10.9 kwenda juu, zikikaa kwenye asidi haidrojeni inaingia ndani ya chuma na inakifanya kiwe kikavu chepesi kuvunjika, unaifunga leo iko sawa, kesho kutwa yakatika yenyewe bila kuonya. Hizo ni brashi na mafuta tu, au ununue mpya. Na bolti za breki, za stiaringi, za mikanda ya viti, zikiwa na mashimo ya kutu ama shingo imekuwa nyembamba, nunua mpya za daraja lile lile, hapo sitetei ya zamani hata ya ami. Njia rahisi ya kujua kama imevutika ni kuchukua nati mpya na kuizungusha kwa vidole toka mwanzo wa thredi mpaka mwisho, ikikwama katikati na thredi ni safi basi ile bolti imerefuka, haifai.

Kingine ambacho kimeniokoa ni kikatoni. Ukifungua fenda chukua kipande cha katoni ya biskuti, chora umbo la fenda, toboa na uchomeke kila bolti mahali ilipotoka. Bolti ya zamani ina urefu wake na washa yake na pahala pake, ukizichanganya kwenye mkebe mmoja utapata tabu siku ya kurudisha.

Kurudisha mie natia grisi ya kopa, ile yenye unga wa shaba, kwenye thredi za chesisi na springi, na kwenye aluminiamu naweka washa ya nailoni ili chuma kisigusane na bodi. Ila ukitia grisi punguza nguvu ya kukaza, thredi yenye mafuta inateleza na bolti inavutika zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono. Nati za magurudumu usitie grisi kabisa.

Bwana Mhariri, sikuja kuwasema mafundi vibaya. Nimekaa na yule alokata bolti zangu tukaongea, akanambia jambo la kweli, kwamba mwenye gari akimletea kazi asubuhi anataka gari jioni, na pesa ni ya kazi sio ya siku, sasa nani atamlipa kungoja siku tatu bolti inyonye mafuta? Ana haki. Kwa hivyo wenye magari na sisi tujirekebishe, tia mafuta mwenyewe nyumbani wiki moja kabla ya kwenda gereji, huo ni mkebe mmoja na dakika kumi kila jioni, au mlipe fundi zile siku za kungoja. Na fundi mwenye vijana anaowafunza awape spana ya inchi mkononi waijue, maana wazee wanaozijua wanatutoka mmoja mmoja. Mzee wangu huyu alianza ufundi MIOME, ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, pale ambapo siku hizi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na anasema bolti ilokatwa bila ruhusa mwalimu alikurudisha nyumbani.

Mpaka leo nimerudisha bolti 114 kwa gari hii, nimehesabu, na zilonilazimu kununua mpya ni 23, pamoja na zile zilokatwa. Zilobaki ni za ule ukuta ulo kati ya injini na dashibodi, ziko kwenye ndoo ya magadi saa hii naandika. Kitu kimoja tu sijakipata: nataka kuzipaka zinki upya, ile nyembamba ya umeme sio ya kuchovya kama mabati maana hio inaziba thredi, na kila ninaemuuliza ananiambia leta tani nzima au usilete. Ikiwa kuna msomaji anamjua fundi hapa Mombasa ama Mtwapa anaepokea kazi ndogo, hata kilo tano, naomba aandike kwa ukurasa huu huu ili wenzangu nao wamjue.

Ni mie msomaji wako,
Mwenye Land Rover,
Likoni, Mombasa.